Rozela ni ileile, sukari ni ileile: kwa nini juisi yangu inatoka kama wino na ya mama mkwe inang'aa?

#1 Mama Tunu
Wakuu, poleni na joto. Mimi si mpishi wa kujisifu, ila juisi ya rozela nilidhani si kitu cha kumshinda mtu. Nimeshindwa.

Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa Tanga kwa mama mkwe. Akatutengenezea rozela na pasheni, mwisho kabisa akadondoshea maji ya waridi. Ukiinua glasi unamwona mtu aliyekaa upande wa pili, mwekundu wote. Nyepesi, baridi, na waridi lenyewe unalisikia ukishameza. Wanangu, ambao soda ndiyo mama yao mdogo, waliomba waongezewe.

Nimerudi Dodoma na kilo nzima kutoka gunia lake lilelile. Nikafuata alivyonielekeza: vikombe viwili vya rozela kavu, maji lita mbili, kipande cha tangawizi, karafuu tatu, chemsha, ipua, chuja, tia sukari, kamulia pasheni sita, ikipoa tia maji ya waridi kijiko kimoja cha chai. Kilichotoka ni zambarau iliyokolea kama wino, halafu kina ute kama maji ya bamia. Nimerudia mara tatu. Mume wangu anakunywa kimya, na kimya hicho nakijua.

Nakosea wapi?

#2 Siti ya Mbele
Nimeshawahi siti. Dada, mama mkwe hajakupa siri yote, shtuka.

#3 Fundi wa Visima
Jibu fupi: maji. Nimechimba visima Dodoma na Singida miaka mingi. Maji ya huko ni magumu, yana chumvi. Ukioga unajua, sabuni unaisugua mpaka mkono unachoka na povu halitoki. Maji ya Tanga ni laini. Chemsha rozela kwenye maji magumu upate wino. Funga uzi.

#4 Mkemia wa Mtaa
Usifunge uzi mkuu. Rangi ya rozela ni jamii ya anthosayanini. Kwenye uchachu inakuwa nyekundu, uchachu ukipungua inaelekea zambarau, ukiondoka kabisa inakuwa bluu au hata kijani. Hapo tuko pamoja. Lakini rozela yenyewe ni chachu sana, pH ya juisi nzito huwa chini ya 3 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umezidi). Maji ya bomba peke yake hayawezi kirahisi kuushinda uchachu huo, labda uweke rozela kiganja kimoja kwenye ndoo. Yeye kaweka vikombe viwili kwa lita mbili.

Swali langu kwa Mama Tunu: sufuria yako ni ya nini?

#5 Mama Tunu
Sufuria ya kawaida hii ya alminiamu, tunayopikia kila kitu.

#6 Mkemia wa Mtaa
Basi ndiyo hiyo. Uchachu unakula alminiamu kidogo kidogo, na alminiamu ikikutana na rangi ile inaikamata na kuivuta kuelekea zambarau na bluu. Chuma nacho hufanya hivyohivyo, tena kinaifanya nyeusi. Tumia stili au sufuria yenye kauri isiyobanduka.

#7 Bi Asmini
Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi nachemshia sufuria ya alminiamu tangu niolewe na rangi yangu haijawahi kugeuka. Nani ana ushahidi?

#8 Fundi wa Visima
@Mkemia wa Mtaa umesema chuma. Chuma kiko wapi? Kwenye maji ya visima! Kuna visima maji yakilala usiku kwenye ndoo nyeupe asubuhi unakuta kutu chini. Umenirudisha kwenye maji yangu mwenyewe, asante.

#9 Siti ya Mbele
Fundi 1, Mkemia 1. Bisi zinaendelea.

#10 Babu Mstaafu
Niwarekebishe jambo moja vijana. Watu wengi husema "ua la rozela". Mnachochemsha siyo ua. Ua lenyewe ni la rangi ya maziwa au pinki hafifu, katikati jekundu, na linanyauka siku hiyohiyo. Kile chekundu ni sepali, vikombe vinavyovimba kuzunguka tunda baada ya ua kuanguka. Nimefundisha baiolojia miaka 31, siwezi kuliacha hili lipite. Sisi wengine tuliita mmea huu choya kabla hiyo rozela haijaingia mjini.

Na huo ute haukuja kwa bahati mbaya. Choya na bamia ni ukoo mmoja. Ukichemsha sana na kukamua, unatoa ute na utomvu uleule unaogandisha jamu. Ndiyo maana jamu ya choya hushika vizuri.

#11 Mama Tunu
Shikamoo mwalimu. Kukamua nakamua kweli, tena kwa nguvu zote, bei ya rozela siyo mchezo.

#12 Babu Mstaafu
Marahaba. Basi hiyo nusu ya tatizo umeshaijibu mwenyewe. Usikamue, acha idondoke.

#13 Juma wa Maskati
Assalaam alaykum. Huku kiangazi kikikolea, joto la 40 na kuzidi ni jambo la kawaida, kwa hiyo nyumba nyingi zina jagi la karkade, juisi hiihii ya rozela, kwenye friji. Jina hilo tumelipata kwa Wamisri na Wasudani. Misri karkade ni kinywaji cha harusini.

Sisi hatuchemshi kabisa. Usiku loweka rozela kwenye maji baridi, weka kwenye friji, asubuhi chuja. Rangi inakuwa nyekundu safi, ute haupo, na ladha inabaki ya tunda, siyo ya dawa. Ukichemsha dakika ishirini unaua harufu na rangi inaelekea kahawia.

Kuhusu waridi, msinunue tu chupa yoyote. Kuna maji ya waridi ya Jabal Akhdar, milima ya huku Omani. Wanavuna alfajiri, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, na wanakeneka kwenye majiko ya udongo. Yale ya kienyeji yana rangi kidogo na harufu ya moshi. Kwenye rozela moshi ule unapendeza ajabu, ila nusu kijiko tu.

#14 Kijana wa Ubungo
Hapo kwenye waridi nina ushuhuda. Nilikuta chupa ya "marashi ya waridi" kwa shangazi nikamimina vifuniko viwili kwenye juisi. Ilikuwa ya kupaka. Juisi ilinukia ukumbi wa harusi, ulimi ukafa ganzi mpaka jioni.

#15 Bi Asmini
@Kijana wa Ubungo nimecheka mpaka nimemwamsha mtoto. Marashi ya kwenye mrashi ni ya kunyunyizia wageni, mwanangu. Ya jikoni yanauzwa kando, na kwenye chupa imeandikwa ni ya chakula, ndani ni maji na waridi basi, hamna glisirini.

Na kama waridi ni ghali, tumieni asmini. Bibi yangu alikuwa akichuma jioni zinapoanza kufunguka, anamwaga kiganja kimoja zielee juu ya maji baridi kwenye bakuli, anafunika na kawa mpaka asubuhi. Anatoa maua, maji yale ndiyo anayatilia sharubati ya pasheni au ya nanasi. Huchemshi, ukichemsha asmini harufu yote inakwenda na mvuke.

#16 Mgeni Mpya
Samahani, hapa kwangu kuna maua mekundu makubwa kwenye ua wa mbele, yana ulimi mrefu katikati. Hiyo ndiyo rozela?

#17 Babu Mstaafu
Hapana. Huyo ni ndugu wa rozela, wa mapambo. Petali zake hazina madhara na wapo wanaozitumia kwa chai, lakini hana vile vikombe vinene wala uchachu. Ila nawaomba msichume maua kwa kukisia. Olianda ile ya pinki inayopandwa kando ya nyumba ni sumu, hata jani lake. Na mawaridi ya dukani yaliyofungwa kwa ajili ya zawadi yamepuliziwa dawa shambani, usiyatie kwenye chakula.

#18 Nesi wa Zamu
Napita haraka kabla ya ripoti. Najua mtu atakuja kusema rozela inaongeza damu, basi nimuwahi. Wekundu siyo damu. Madini ya chuma kwenye juisi hii siyo ya kutegemea. Ina vitamini C, ambayo inasaidia mwili kunyonya chuma cha mboga za majani, ila ina na vitu vingine vinavyozuia. Mjamzito mwenye upungufu wa damu anywe vidonge alivyopewa kliniki, na rozela aipumzishe kabisa. Na mnaotumia dawa za presha semeni kwa daktari, maana inashusha presha kidogo na nyie mnakunywa jagi zima.

#19 Siti ya Mbele
@Nesi wa Zamu shemeji yangu alikuwa na damu 8, akanywa rozela mwezi mmoja, ikapanda 11. Ufafanuzi tafadhali.

#20 Nesi wa Zamu
Na vidonge vya kliniki alikuwa hanywi?

#21 Siti ya Mbele
Alikuwa anakunywa.

#22 Nesi wa Zamu
Usiku mwema.

#23 Papa Lubumbashi
Sisi huku rozela tunakula majani, yanapikwa na karanga ao na samaki. Kinshasa wanayaita ngai-ngai. Juisi watu wengi wanaijua kwa jina la Senegal, bissap, na kule wanatia mnanaa na vanila. Jaribuni mnanaa, unafuta ile harufu ya dawa.

#24 Mama Tunu
MREJESHO. Jana usiku nimelaza rozela kwenye friji kama Juma alivyosema, maji ya chupa ya dukani, bakuli la stili. Asubuhi nyekundu! Siyo kama ya mama, lakini nyekundu. Na ute haupo. Wanangu wamemaliza kabla sijatia waridi.

#25 Fundi wa Visima
MAJI. Nilisema.

#26 Mkemia wa Mtaa
STILI. Nilisema.

#27 Juma wa Maskati
Hajachemsha jamani. Nami nilisema.

#28 Mkemia wa Mtaa
Tatizo ni kwamba dada amebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, kila mtu anajipa ushindi. Mama Tunu, fanya kisayansi. Vikombe vinne. Maji ya bomba kwenye stili, maji ya bomba kwenye alminiamu, maji ya chupa kwenye stili, maji ya chupa kwenye alminiamu. Rozela kipimo kimoja, muda mmoja, usitie ndimu wala sukari. Piga picha.

#29 Kijana wa Ubungo
Mtu alitaka juisi sasa amepewa mtihani wa maabara.

Ila ngoja niulize langu. Niliweka juisi hii ya rozela na nanasi kwenye chupa ya plastiki, nikasafiri nayo Dar mpaka Mbeya, nikaisahau kwenye begi siku mbili. Nilipofungua kizibo kikaruka mpaka kwenye dari. Nikanywa, ilikuwa tamu na inachoma puani kama soda. Sasa hiyo bado ni juisi?

#30 Bi Asmini
Hiyo si juisi tena, mwanangu. Mwage.

#31 Fundi wa Visima
Usimwage, lete.

#32 Mkemia wa Mtaa
Nanasi huja na chachu yake, kama hamira, kwenye ganda. Ukiongeza sukari na joto la basi, gesi inaanza, na gesi haiji peke yake, inakuja na kilevi. Siku mbili kwenye joto kinaweza kuwa kidogo tu, lakini kipo na kinaongezeka. Hapo Dodoma wapo wanaotengeneza mvinyo wa rozela kwa njia hiyohiyo, wao tu wanaisimamia. Ukitaka ibaki bila kilevi, maganda ya nanasi yachemshe kwanza, tia kwenye friji ikipoa tu, na uimalize ndani ya siku mbili, tatu.

#33 Juma wa Maskati
Hata maji ya tende zilizolowekwa masheikh wanataja siku tatu. Ikianza kutoa povu yenyewe, mimi siigusi.

#34 Siti ya Mbele
Na ile chupa ikipasuka kwenye friji? Ya kwangu ilipasuka, friji lilionekana kama kuna mtu amechinjwa.

#35 Mama Tunu
Mrejesho wa maabara, msinicheke.
Bomba na stili: nyekundu iliyofifia, kama tofali.
Bomba na alminiamu: zambarau. Wino wangu uleule.
Chupa na alminiamu: nyekundu, ila si ile ya kung'aa, imeingia giza kidogo.
Chupa na stili: sijui. Tunu ameinywa kabla sijapiga picha. Nimemuuliza ilikuwa rangi gani akasema "tamu".

#36 Mkemia wa Mtaa
Aisee Tunu.

Lakini mnaona? Sufuria peke yake haitoshi na maji peke yake hayatoshi. Ni vyote viwili vikikutana. Maji magumu yanapunguza uchachu kidogo, na uchachu ukipungua ndipo alminiamu inaikamata rangi vizuri. Hata Bi Asmini ametoka salama hapo, sufuria yake ya alminiamu inakutana na maji mengine.

#37 Fundi wa Visima
Yaani unakubali ni maji halafu unakwepa kusema ni maji.

#38 Bi Asmini
Nami natia ndimu tangu mwanzo, kabla ya moto. Sikuwaambia kwa sababu hamkuuliza.

#39 Babu Mstaafu
Ndimu! Bibie, post #7 umetuuliza nani ana ushahidi, na ushahidi umeukalia wewe.

#40 Bi Asmini
Ndimu natia kwa ladha, mwalimu, si kwa sayansi yenu.

#41 Chef wa Kitaa
Nimechelewa, nimesoma yote. Mnabishana maji na sufuria, hakuna aliyeuliza anachujia nini. Hotelini tulipata zambarau wiki nzima. Maji yamechujwa, sufuria stili. Ilikuwa kitambaa cha kuchujia. Kijana alikuwa anakifua kwa sabuni ya unga na hasuuzi vizuri. Sabuni inaua uchachu, juisi inageuka pale pale ikipita kwenye kitambaa. Mama Tunu unachujia nini?

#42 Mama Tunu
Kanga ya zamani. Nafua kwa sabuni ya unga.

Na vikombe vya maabara nilichujia kanga hiyohiyo.

#43 Siti ya Mbele
Mungu wangu. Uzi umeanza upya.

#44 Mkemia wa Mtaa
Kama kanga ni moja kwa vikombe vyote basi tofauti ya rangi bado ina maana. Isipokuwa kama sabuni ilikuwa nyingi kwenye kikombe cha kwanza kisha ikapungua. Ulianza kuchuja kipi?

#45 Mama Tunu
Sikumbuki mkuu. Nilikuwa na mtoto mgongoni.

#46 Chef wa Kitaa
Chujio la stili, dada. Halafu, wengi hamtanielewa, sukari usitie juisi ikiwa ya moto. Chemsha sukari na maji kiasi kilekile, tia humo ganda la chungwa na kijiti cha mdalasini, ipoe, ndiyo utamu wako wa wiki nzima. Pasheni usiisage kwenye blenda, mbegu zikikatika zinatia uchungu. Pitisha kwenye chujio na kijiko. Waridi mwisho, ikiwa baridi. Juu weka tikiti lililokatwa vipande vidogo vikagandishwa, badala ya barafu. Barafu inapooza ladha, tikiti linaongeza.

#47 Kijana wa Ubungo
Huyu ndiye alitakiwa kuja post ya pili.

#48 Mama Tunu
Nimempigia mama mkwe jana usiku. Nikamwambia watu wa mtandaoni wamekesha kwa ajili ya juisi yake. Akacheka sana. Akasema: "Mwanangu, mimi rozela sijawahi kuichemsha." Nikamwambia mama, nilikuona kwa macho yangu sufuria inachemka. Akasema yale yalikuwa maji ya viungo. Anachemsha tangawizi na karafuu peke yake, anaipua, ndiyo anamwagia juu ya rozela kwenye bakuli la udongo na kufunika. Nilikuwa nimetoka kuanua nguo, sikuona.

Na maji anayotumia ni ya mvua, kutoka kwenye tangi.

#49 Fundi wa Visima
Maji ya mvua! Laini kuliko yote duniani! Nawatakia siku njema.

#50 Juma wa Maskati
Hakuchemsha! Kheri iwe nanyi.

#51 Mkemia wa Mtaa
Bakuli la udongo, siyo alminiamu. Sina la kuongeza.

#52 Bi Asmini
Mngemuuliza kama anatia ndimu.

#53 Mama Tunu
Nimemuuliza. Anasema "kidogo, kama zipo". Anakuja huku mwisho wa mwezi. Nimemwambia asibebe maji wala bakuli, aje mikono mitupu atengeneze kwa vya kwangu tuone.

#54 Siti ya Mbele
Ikitoka nyekundu tena basi ni mkono wake tu, na hapo hata Mkemia hana dawa. Tunasubiri mrejesho.

#55 Chef wa Kitaa
Ficha kanga.

#56 Siti ya Mbele
Mwisho wa mwezi umepita. @Mama Tunu?

#57 Siti ya Mbele
@Mama Tunu hata neno moja tu, nyekundu au wino?

#58 Mgeni Mpya
Samahani, rozela kavu kwa jumla Singida sasa hivi kilo ni shilingi ngapi?